Samaki Wawili na Mbuzi wa Tatu

Tangu Pasaka ipite, Ndinda alikuwa hamwambii Gicheru neno lolote isipokuwa habari za maji.

"Chumvi iko sawa," angemwambia asubuhi, macho yake yakiwa kwenye tangi la samaki. "Joto ni digrii ishirini na sita."

"Asante, Mama Mbinya," angejibu Gicheru, kwa sauti ya mtu aliyeomba ugali akapewa kijiko.

Wiki tatu za namna hiyo! Wafanyakazi wa ile hoteli ya Sultan Hamud, kuanzia jikoni hadi kaunta, waliona kwamba wawili hao wamenuniana. Sababu hawakuijua, kwa maana hawakujua hata kwamba waliwahi kupendana. Na hapo ndipo palipokuwa pakimuuma Ndinda. Mwaka mzima alipendwa kwa kunong'onezwa nyuma ya kioo cha tangi, na mbele za watu akawa keshia tu wa hoteli.

Tangi lenyewe liliachwa na mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akijenga barabara. Siku ya kurudi kwao aliliacha na kila kitu chake: kioo kirefu kuliko kitanda, taa, pampu, mawe ya matumbawe na kitabu kinene cha Kiingereza. Mama Wariara, mwenye hoteli, alilipokea kwa sababu wateja walipenda kula wakitazama samaki. Lakini nani angelitunza? Ni Ndinda aliyekaa na kile kitabu na kamusi. Alikuwa amezoea. Alisoma madarasa ya jioni katika ukumbi wa kanisa, mwanawe Mbinya mgongoni, mpaka akapata cheti chake cha kidato cha nne. Gicheru, mwana wa pekee wa Mama Wariara, aliambiwa amsaidie kubeba mapipa ya maji ya bahari yaliyoletwa na lori kutoka pwani. Alikuja kubeba maji, akabaki kusomewa.

Basi Alhamisi hiyo asubuhi Ndinda alikuwa anaosha beseni la plastiki, bila sabuni, kama kitabu kilivyosema, Gicheru alipoingia haraka akitokea jikoni.

"Muthama ameniambia unaenda."

"Muthama ni mpishi. Apike."

"Ndinda."

"Kesho asubuhi," alisema Ndinda, akiendelea kusugua. "Shule ya chekechea ya Matinyani wamenikubali. Jumatatu naanza kufundisha. Mbinya atakuwa karibu na mimi, si kumwona mwisho wa mwezi kama mgeni."

"Na ulikuwa hutaki kuniambia?"

"Na wewe kabla ya Pasaka uliniambia nini?"



Kabla ya Pasaka! Gicheru aliahidi mwenyewe, bila kusukumwa. Alisema Jumamosi ya Pasaka atafika Matinyani na mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao bila wao Mkamba hahesabu kwamba binti yake amechumbiwa. "Kwetu ni wengine na kwa njia nyingine," alimwambia, "lakini wewe nitakuposa kwa njia ya kwenu, baba yako asiwe na neno." Ndinda akatangulia nyumbani. Mama yake akapika muthokoi sufuria mbili. Baba yake, Mzee Mutie, mzee wa kanisa na mtu asiyecheka ovyo, akavaa koti lake la Jumapili na kukaa uani na ndugu zake wanne. Saa nne, saa saba, saa tisa. Saa kumi na moja wale ndugu wakaaga mmoja mmoja. Mzee Mutie akavua koti, akachukua jembe, akaenda shambani. Hakumlaumu binti yake kwa neno hata moja. Afadhali angemlaumu.

"Nilikuwa na sababu," Gicheru alisema polepole.

"Itaje."

Ndinda akamtazama. Macho yake Gicheru yalikuwa na ule unyonge uliomfanya Ndinda ampende siku ya kwanza, siku aliyommwagia pipa zima la maji ya bahari kwenye viatu kisha akaomba msamaha kwa viatu. Alitaka kumwonea huruma. Akajikaza.

Kabla hajajibiwa, honi ya lori ikalia nje, mara tatu.

"Wapenzi wa samaki!" Nzuki dereva aliita mlangoni, mikono imebeba boksi jeupe la kuhifadhi baridi. Huyu Nzuki alikuwa akitoa samaki hai Mtwapa, huko pwani, na kuwapeleka uwanja wa ndege Nairobi, wakauzwe Ulaya. "Nina dakika arobaini tu. Ndege hainingoji mimi, na hawa wakifa tajiri atanitia mimi kwenye mfuko."

Nyuma yake akatokea Mama Wariara, kitambaa kichwani, funguo zikilia kiunoni. Alikuwa mama mnene mwenye mwendo wa haraka, aliyeshuka kutoka Murang'a akiwa mjane mwenye mtoto mmoja na jiko moja la makaa, na sasa lori zote za barabara ile zilijua chapati zake.

"Ndinda mwanangu, kabla hujatukimbia kesho, nichagulie vizuri," alisema. "Nataka wale samaki wenye mikanda, wale wa klauni. Bwana na bibi. Wateja wanapenda kuona familia. Na lile ua lao la kulala."

"Si ua, Mama, ni mnyama. Anaitwa anemoni. Anauma samaki wengine, hao wa klauni peke yao ndio anaowakaribisha."

"Mnyama bila macho?"

"Bila macho. Mdomo anao."

"Basi kama wapangaji wangu wa nyumba za nyuma," alisema Mama Wariara, na Nzuki akacheka mpaka boksi likatikisika.

"Polepole na samaki wa watu!" Ndinda alimwambia.

Mifuko mitatu ya anemoni ikawekwa juu ya meza. Mama Wariara hakuchelewa. Mmoja alikuwa mweupe pepepe, nyuzi zake zimetandazika kama shela.

"Huyu! Ona alivyo msafi. Kama bibi arusi."

"Huyo ni mgonjwa, Mama." Ndinda aliuinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha. "Weupe si rangi yake. Ndani ya mwili wake kuna vijidudu vya kahawia vinavyomlisha kwa jua. Vikimtoka anabaki mweupe hivi, anakufa njaa huku watu wanamsifu. Na ona mdomo, umeachama."

"Nzuki! Unaniletea maiti?"

"Mimi ni dereva, Mama, si daktari."

Wa pili alikuwa wa kijani, mzuri, lakini Ndinda alimgeuza akamwonyesha Gicheru mguu wake, ile sehemu ya chini anayojibandikia kwenye mwamba. Ulikuwa umechanika pale walipombandua kwa nguvu. "Huyu hatapona." Wa tatu alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, nyuzi zake zimevimba kwenye ncha kama puto ndogondogo. Ndinda alinawa, akaingiza kidole taratibu. Nyuzi zikamng'ang'ania, nzito, kama gundi.

"Mdomo umefungwa, mguu mzima, ananata," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akatabasamu. "Huyu ndiye."

"Ndiye mbaya kuliko wote," alinung'unika Mama Wariara.

"Akishiba jua utampenda."

Halafu samaki. Nzuki aliipanga mifuko: kulikuwa na wale wa rangi ya waridi wenye mstari mmoja mweupe ulioanzia utosini ukashuka mgongoni mpaka mkiani, na wale weusi wenye mapezi ya manjano na mikanda miwili myeupe ubavuni. Mama Wariara alipenda wa waridi. Ndinda akatikisa kichwa.

"Hao ni jamii nyingine. Makao yao ni anemoni mwingine, mkubwa, anayehitaji mwanga kuliko taa zetu. Tukiwaweka hapa watazungukazunguka tu kama wageni wasiopewa kiti. Wa mikanda miwili ndio wanaokaa na huyu wetu."

"Haya, mikanda miwili. Lakini nipe hao wawili wakubwa, nisionekane nimenunua dagaa."

"Mama, wakubwa wawili hawataelewana."

"Watu wazima wanaelewana. Watie."

Ndinda alimtazama Nzuki, Nzuki akainua mabega. Basi mifuko ikaachwa ielee ndani ya beseni lenye maji ya tangi, na Gicheru akawa anaongeza maji kikombe kimoja kimoja ili samaki wazoee, huku Nzuki akinywa chai. Mikono yake Gicheru na ya Ndinda ilikutana mara mbili juu ya maji. Mara ya kwanza Ndinda aliutoa wake upesi. Mara ya pili alikawia kidogo, kisha akakumbuka koti la baba yake, akautoa.

Wale wakubwa wawili walipoachiliwa tangini hawakumaliza hata dakika. Walikamatana midomo! Wakazungushana kama makondakta wanaogombea abiria, maji yakaruka mpaka kwenye aproni ya Mama Wariara.

"Watoe! Watoe, watauana!"

Ndinda alimtoa mmoja kwa kichujio cha plastiki, na badala yake akatia kasamaki kadogo, nusu ya ukubwa wa yule aliyebaki. Mkubwa akamjia mbio. Wote wakashika pumzi. Kale kadogo hakakukimbia. Kaliinama ubavu, kakaanza kutetemeka mwili mzima, tetetete, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya baridi. Mkubwa akasimama, akakanusa, akageuka akaenda zake, na kadogo kakamfuata nyuma.

"Wamekubaliana," Ndinda alisema kwa upole. "Sasa ni bwana na bibi."

"Ninyi mnaona maajabu," Nzuki alisema. "Hata mbuzi baba yangu huwachagua hivyo hivyo. Beberu mkubwa, jike dogo."

"Kinyume, kaka. Mkubwa ndiye bibi."

Nzuki akaweka kikombe chini. "Sema tena?"

"Wote huzaliwa madume. Anayekua kuliko wenzake ndiye anageuka kuwa jike, na anayemfuata kwa ukubwa anakuwa mumewe. Kitabu kinasema hivyo, na mwaka huu wote sijakipata na uongo."

"Kwa hiyo mimi na mama watoto wangu tungekuwa samaki, angenila na mifupa!"

Mama Wariara alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya aproni. "Mke mkubwa kuliko mume! Na mume anatetemeka! Heri sikuzaliwa baharini. Huyu Gicheru wangu akiniletea mke aliyempita umri na urefu, namtoa na ufagio."

Alisema kwa mzaha, bila kumlenga mtu. Lakini Ndinda, aliyempita Gicheru miaka miwili na urefu wa kitambaa cha kichwa, alihisi uso ukimwaka moto. Akainamia beseni. Kesho, alijiambia. Kesho asubuhi tu.

"Basi kalete ufagio, Mama," alisema Gicheru.

Mama Wariara akaiachia ncha ya aproni. 

"Umesema nini?"

"Nimesema kalete." Sauti ilikuwa ikimtetemeka, lakini hakuinamisha kichwa. "Nampenda Ndinda. Ni mwaka sasa. Nataka kumwoa."

Muthama mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, alishusha mwiko.

"Ndinda huyu?" aliuliza Mama Wariara, kana kwamba walikuwapo Ndinda watano.

"Huyu. Na wale mbuzi watatu niliowafunga nyuma ya jiko kabla ya Pasaka hawakuwa wa jikoni. Walikuwa wa ntheo. Wa kupeleka kwa baba yake."

"Aiii!" Mwiko ulimwanguka Muthama. "Yule mweusi mwenye baka jeupe?"

"Huyo."

"Lakini Mama alisema... ilikuja ile kwaya ya Machakos, watu thelathini, nyama ikaisha..."

"Mimi ndiye niliyesema chinja," Mama Wariara alisema, akitafuta kiti kwa mkono bila kukiona. "Ijumaa Kuu. Nikasema, mchinje yule mnono."

Ndinda alikuwa amemgeukia Gicheru. Hakujua kama alie au acheke.

"Ulikosa kuja kwa sababu mbuzi wangu aliliwa na kwaya?"

"Nilirudi jioni na kamba mpya za kuwafungia, nikakuta wawili. Usiku huo ningempata wapi wa tatu? Na wawili kwenu si ntheo. Ningekuwa nimemtukana baba yako."

"Kwa nini hukuniambia? Ningecheka! Ningemweleza baba!"

"Ungeniuliza mbuzi wa posa walikuwa wanafanya nini katikati ya mbuzi wa jikoni." Gicheru aliendelea. "Ningekujibu nini? Kwamba sikuwa nimemwambia mama? Kwamba namwogopa? Niliona heri ufikiri mimi ni mwongo kuliko ujue mimi ni mwoga."

"Na baba yangu akakaa uani kutwa."

"Ndiyo."

"Na leo humwogopi mama yako?"

"Namwogopa mpaka sasa. Lakini kesho unaenda."

Nzuki alikohoa. "Mimi... ndege..." Akaona hakuna anayemsikiliza, akajimiminia chai nyingine.

Mama Wariara alikaa kitako, mikono juu ya funguo. Alipoongea hakupaza sauti, na hiyo ilitisha zaidi. "Ndinda, wewe nakupenda kama mfanyakazi. Sikuwahi kukuta shilingi imepotea. Lakini huyu ni mwanangu wa pekee. Umempita umri. Na una mtoto."

"Ninaye, Mama." Ndinda alijifuta mikono, akasimama wima kwa urefu wake wote. "Anaitwa Mbinya. Ana miaka minne na anahesabu mpaka mia moja. Baba yake alirudi kwao kabla mtoto hajaota jino, nikamlea, nikasoma naye mgongoni. Simwonei aibu. Na mimi mwenyewe nimechoka kufichwa. Mama, ukikataa, nitakuaga kwa heshima kesho. Lakini ukikubali, nitaingia kwa mlango wa mbele, na Mbinya nimemshika mkono."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Gicheru alimtazama kwa mshangao wa mtu anayeona nyumba aliyoizoea ina chumba kingine, kikubwa, chenye jua.

 Mama Wariara akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Baba yako alingoja mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, Mama."

"Peke yake?"

"Na baba wadogo wanne. Walikuwa wamevaa vizuri."

"Walikula?"

"Waliona haya kula kabla wageni hawajafika. Muthokoi ililala."

Mama Wariara akajipiga paja. "Mungu wangu! Wazee watano! Mimi ninayejisifu kwamba hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti changu dakika kumi bila chai! Wazee wa watu wanakaa na njaa kutwa nzima wakinisubiri mimi, na mimi niko hapa nagawa mbuzi wao kwa sahani, naongeza na mchuzi!" Akamgeukia mwanawe. "Na wewe! Umri huo! Kama ulitaka mke si ungesema, nikawafungia mbuzi wako mahali pao? Niliwahi kukupiga na ufagio mimi?"

"Mara mbili."

"Ulivunja sufuria ya hoteli!"

Nzuki ndiye aliyeanza kucheka, halafu Muthama, na Ndinda akashindwa kujizuia. Alicheka machozi yakimtoka, yale ya wiki tatu zote, na Gicheru akamshika mkono pale pale, mbele ya mama yake, mpishi na dereva. Ndinda hakuutoa.

"Sijasema ndiyo," Mama Wariara alionya. Akamtazama Ndinda kuanzia viatu hadi kitambaa, akahema. "Lakini yule samaki mdogo... amepata mahali pa kukaa, eh?"

"Amepata, Mama."

"Haya. Nimekubali, na anayetaka kunipinga na anipinge." Akainuka, funguo zikalia. "Mtoto nitamwona lini?"

"Jumamosi, ukija."

"Jumamosi nakuja. Muthama! Wale wawili waliobaki wahamishiwe kwangu, walale kwenye stoo yangu, na ufunguo ninao mimi. Wa tatu nitamchagua mwenyewe leo mnadani, na asiwe na upungufu hata wa kwato."

"Mimi kesho bado naenda, Mama," Ndinda alisema. "Msichana hawezi kufika kwao pamoja na mbuzi wake. Lazima wanikute nyumbani. Na ile shule nitafundisha. Nimeitafuta kwa miaka mingi."

"Nani amekuambia uiache? Gicheru, Matinyani hakuna barabara?"

"Iko, Mama."

"Basi. Na usome kile kitabu cha samaki, keshia wangu ameenda."

Nzuki alikuwa tayari ameondoka mbio na boksi lake. Honi ikalia nje mara moja, ndefu, kama ya arusi.

Ndinda alivua aproni akaikunja. Mama Wariara alimfuata mpaka mlangoni, akamvuta pembeni kwa kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane uso wake ulikuwa na wasiwasi wa mtu anayekwenda kuomba kazi.

"Mwanangu, ukifika, mwambie baba yako tunakuja, na mwambie tunakuja mapema. Lakini habari ya yule mbuzi mweusi usimwambie wewe, wala huyu Gicheru asimwambie. Nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya ndugu zake wote." Akazishika funguo kiunoni. "Mimi ndiye niliyemla."